Mgonjwa wa Chumba cha Mbele

Harkby, Yorkshire
Jumanne, 2 Machi 1858

Dada yangu Hester,

Mzee Ogle amestaafu! Miaka thelathini na mmoja amekuwa mpasuaji wa hospitali ya mji, na jana mkono ulimtetemeka mpaka kisu kikamponyoka na kusimama wima kwenye kiatu cha muuguzi. Muuguzi kapona, kiatu hakikupona. Kabla ya chakula cha mchana Ogle alikuwa ameshaandika barua ya kujiuzulu. Nafasi iko wazi, nami naitaka kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu uliponifichia jemu juu ya kabati.

Unazijua kanuni za hapa. Mpasuaji hachaguliwi na wapasuaji wenzake. Anachaguliwa na wafadhili, yaani kila aliyetoa mchango wake wa mwaka kwa hospitali. Kwa hiyo mwuza nyama ana kura, mshona kofia ana kura, nami sina budi kubisha hodi nyumba kwa nyumba na kusifia watoto wa watu. Leo nimekunywa chai vikombe kumi na kimoja. Kwa Bwana Platt nimeambiwa binti yake ana sauti ya malaika, nikakalishwa kuisikiliza. Hana.

Mpinzani wangu ni Lionel Fenwick, mpwa wa meya. Ana miaka ishirini na sita, gari jipya la farasi wawili, na masharubu yaliyopakwa mafuta. Kijana si mbaya, ila hajawahi kukata kitu kigumu kuliko jipu. Mimi nina miaka kumi na minne katika mji huu, farasi mmoja mwenye kikohozi, na koti la upasuaji lililoganda damu mpaka linasimama lenyewe pembeni mwa chumba. Koti la namna hiyo ndiyo heshima ya kazi yetu. La Lionel bado linanukia duka.

Utaniuliza kwa nini nahangaika hivi. Kuna mwanamke hapa anaitwa Keziah Sugden, dobi wa mtaa wa Beck. Ana uvimbe tumboni, umeota kwenye kifuko cha mayai ya uzazi, na umekua mpaka majirani wanamtania kwamba mimba yake ina miezi ishirini. Akiachwa hivyo, Krismasi haimkuti. Naweza kuutoa, Hester. Wako wapasuaji wachache nchini waliothubutu, na baadhi ya wagonjwa wao wanatembea leo. Lakini hospitali yetu imekataza tumbo lisifunguliwe. Ogle anauita upasuaji huo uchinjaji. Nikiipata nafasi hii nitakuwa na chumba chenye mwanga, wauguzi, na kauli ya kubadilisha katazo hilo. Nikiikosa, nitakata majipu mpaka nife. Uchaguzi ni tarehe 13 Aprili.

Niombee, na unitumie soksi.

Mdogo wako,
Ambrose Tindall


Whitby
Ijumaa, 5 Machi 1858

Mdogo wangu Ambrose,

Ile jemu niliificha kwa sababu ulikuwa umeshamaliza chupa mbili, na ya tatu ilikuwa ya kasisi. Soksi ziko humu. Rangi ya kijani usiilalamikie, ndiyo sufu iliyobaki.

Nimekuelewa kuhusu chai na masharubu. Sasa nieleweshe jambo moja. Huyo Keziah anaweza kusubiri mpaka tarehe 13 Aprili, halafu mpaka hao wazee wa hospitali wakae kikao, wabishane, waahirishe, wakae tena? Maana umejiandikia wewe mwenyewe ukurasa mzima, na yeye umempa mistari michache.

Wapangaji wangu watatu wana mafua, na wa nne anaandika mashairi. Afadhali mafua.

Dada yako,
Hester Crake


Harkby
Ijumaa, 12 Machi 1858

Dada Hester,

Una ulimi wewe. Nimekwenda mtaa wa Beck siku ileile niliyopata barua yako.

Nilikwenda na koti langu na mkoba wa visu, nimweleze kazi yenyewe ilivyo. Amenisikiliza vizuri sana, hata kuhusu kisu hakupepesa jicho. Kisha akalitazama koti.

"Hilo lilifuliwa lini, Bwana Tindall?"

"Halifuliwi, Bi Keziah. Hii ni damu ya kazi."

"Damu ya nani?"

"Ya wengi."

"Na wewe unataka mimi nifunguliwe tumbo chini yake? Mwenzangu, mimi hata shuka ya mlevi siwezi kumpa mlevi mwingine bila kuifua!"

Akanipa masharti. Koti lichemshwe, visu vichemshwe, nyuzi za kufungia mishipa zichemshwe, na mimi mwenyewe ninawe kwa sabuni ya magadi mpaka kwenye kiwiko, "kama mtu anayekwenda kukanda mkate." La sivyo hapandi mezani kwangu. Nimesomea kazi hii miaka sita, Hester, na nimefundishwa na dobi akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Nimemwambia tutazungumza baada ya uchaguzi. Alichonijibu siwezi kumwandikia dada yangu.

Usiniulize tena. Mgonjwa akinifia mwezi huu, nimekwisha, na wote watakaokuja na ugonjwa wake baada yake wamekwisha pamoja nami. Nimeamua: hakuna kisu kikubwa mpaka kura ipite. Soksi zinanitosha.

Ambrose


Nyumba ya Meya, Harkby
Jumatano, 24 Machi 1858

Mpendwa Bi Crake,

Hatujaandikiana tangu ulipohamia Whitby, na laiti ningekuwa na habari njema ya kuanzia. Sijui kama kuna aliyekujulisha, ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe.

Tangu Ijumaa iliyopita barabara mbele ya nyumba ya mdogo wako imemwagwa mabua ya ngano, kuanzia lango la kanisa hadi duka la mishumaa, unene wa kufika kwenye kifundo cha mguu. Magari yanapita bila kusikika, mgonjwa asisumbuliwe. Kengele ya mlango imefungwa kitambaa. Wewe na mimi tunajua kwamba hakuna anayemwagiwa mabua kwa sababu ya mafua. Mara ya mwisho yalimwagwa kwa jaji Horsfall, na hakuishi wiki mbili.

Bwana Tindall hajaonekana nje hata mara moja. Bi Dobbs, mtumishi wake, anapokea supu mlangoni na kusema tu kwamba "chumba cha mbele kinahitaji utulivu." Mume wangu huvua kofia anapopita. Mpwa wetu Lionel ameacha kuzunguka kuomba kura. Anasema si uungwana kushindana na mtu aliye kitandani. Bwana Platt, ambaye tangu zamani alikuwa wetu, amesema hadharani kwamba kura yake atampa mgonjwa, walau kwa heshima. Mji huu haukujua ulivyompenda mtu huyu mpaka ulipoyaona mabua.

Njoo, mpendwa, kama unaweza.

Wako katika huzuni,
Augusta Fenwick


Whitby
Alhamisi, 25 Machi 1858

Bi Dobbs,

Yaani mimi nijue habari za mdogo wangu kutoka kwa mke wa meya! Ni homa? Ni kifua? Alijikata na kisu chake? Nijibu kwa posta ya kwanza. Nimeshalitoa gauni jeusi sandukuni na nimelia juu yake mpaka limelowa. Jumatatu napanda treni.

Hester Crake


Harkby
Jumamosi, 27 Machi 1858

Bi Hester, mama yangu,

Lirudishe gauni sandukuni! Bwana Ambrose mzima kama farasi, tena mzima kuliko farasi wake. Saa hii anakula supu ya mke wa kasisi, bakuli la pili.

Aliniapisha kwa Biblia nisimwambie mtu. Basi simwambii mtu, nakuandikia. Biblia haikutaja barua.

Tarehe 15 Keziah Sugden alianguka juu ya kapu la nguo, uvimbe umembana pumzi. Bwana alikwenda, akarudi, akasimama jikoni kwangu na kofia kichwani. Akaniambia, "Bi Dobbs, washa moto chini ya sufuria ya shaba." Nikadhani anataka kuoga. Akaniletea lile koti! Maji ya kwanza yakatoka kama chai ya rangi. Ya pili kama kutu. Ya tatu nikamwita Keziah aje aone mwenyewe, maana tulishamlaza chumba cha mbele. Akainusa mikono ya koti akasema, "Bado." Tukachemsha mara ya nne. Na visu, na nyuzi, na sponji, na mimi nusura wanichemshe.

Ijumaa asubuhi ndiyo ikafanyika, meza iko dirishani, jua limejaa. Mzee Ogle alikuja kumwekea puani klorofomu, dawa ya usingizi. Alisema amekuja kushuhudia mauaji tu, lakini Bwana akamwambia mkono unaotetemeka unadondosha matone vizuri, akakaa. Uvimbe ulikuwa ratili ishirini na nane, nimeupima mimi kwenye mzani wa unga, na mzani nimeutupa. Mzee Ogle alipoona damu imesimama na mwanamke anapumua, alitoka kwenda kulia kwenye bustani ya kabichi.

Leo ni siku ya nane. Homa hana. Jana ameniambia mashuka yangu yamepauka kwa sababu napiga pasi vibaya. Nikajua huyu hafi.

Sasa mabua. Bwana ndiye aliyeyaagiza, kwa ajili ya Keziah, ili magari ya sokoni yasimtikise. Hakuna jirani aliyeuliza ni ya nani. Kila mtu alijijibu. Bwana hatoki kwa sababu hamwachi mgonjwa, na asipotoka wanazidi kuamini anakufa. Lionel Fenwick alikuja kumjulia hali, akasimama ukumbini akamsifu Bwana kwa maneno mazuri. Bwana alikuwa nyuma ya mlango, ananitazama kama paka aliyekutwa kwenye maziwa. Anataka kusema, na anaogopa: Keziah akiharibikiwa wiki ijayo, watamwita mwuaji na mwongo kwa pamoja.

Nyumba nzima tunaojua ni sisi wanne. Na Nan, mwenzake Keziah wa kufua, ilibidi, mashuka yana kazi. Nimemkanya.

Mtiifu wako,
Margery Dobbs


Whitby
Jumanne, 30 Machi 1858

Ambrose!

Nimesoma barua ya Bi Dobbs sebuleni, nikacheka mpaka yule mshairi akashuka ngazi kuuliza kama nina kifafa. Kisha nikalia. Kisha nikaisoma tena ile sehemu ya Ogle na kabichi. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu amefungua tumbo la mwanamke na mwanamke anapiga kelele kuhusu pasi! Sijui niseme nini, najivuna mno, nimewaambia wapangaji wote isipokuwa jina.

Sasa nisikilize. Mabua ni ya Keziah, na huruma ya mji unaila wewe, pamoja na supu. Platt anakupa kura kwa sababu anadhani utakufa. Kijana Fenwick amekaa kimya kwa uungwana, nawe umejificha nyuma ya mlango. Ukichaguliwa hivyo, utaingia hospitali hiyo kila asubuhi ukijua uliingiaje. Nakujua. Utaacha kula.

Waambie kabla ya kura. Keziah akipona, sema. Akifa, sema vilevile.

Hester


Harkby
Jumamosi, 3 Aprili 1858

Dada,

Ameketi kitini leo. Amekula yai. Nitasema. Nina hofu hata ya kushika kalamu, lakini nitasema.

A.


Harkby
Jumatano, 14 Aprili 1858

Hester, Hester,

Kaa chini kwanza.

Jana saa nne asubuhi niliingia ukumbi wa mji kwa miguu yangu. Ungeona! Mshona kofia aliangusha kofia. Kasisi alikuwa na karatasi mkononi, maneno machache ya kuniaga duniani, akaikunja polepole na kuitia mfukoni. Wafadhili wote wanaume walikuwepo, mia moja na sitini na wanane. Meya akasema, "Bwana Tindall! Nani amekuruhusu kuamka?"

Nikasimama nikawaambia yote. Keziah, uvimbe, meza ya dirishani, Ogle, mabua. Nikasema sikuwa mgonjwa hata siku moja, niliwaona wakinihuzunikia nikanyamaza, na aliyeniahidi kura kwa kunihurumia yuko huru kuichukua.

Meya akauliza, "Kwa hiyo supu ya mke wangu ameila nani?"

"Keziah Sugden, bwana."

"Yote?"

"Nilimsaidia."

Nusu ya ukumbi ikacheka. Nusu nyingine ikaja juu. Platt alipiga kelele kwamba nimewachezea, kwamba ameniombea mimi kanisani kwa magoti yake mabovu. Mtu wa nyuma akaita, "Mchinjaji!" Mzee Ogle akasimama, nikajua sasa ananimaliza. Akasema, "Hata mimi nililiita jambo hili uchinjaji, nikaenda nikaona kwa macho yangu. Nilikosea. Kaeni chini." Yeye mwenyewe akakaa.

Kisha Lionel akaniuliza jambo moja tu: "Anatembea?"

"Anatembea mpaka dirishani," nikamjibu, "na anakosoa nguo zilizoanikwa na majirani."

Akaja kunishika mkono mbele ya watu wote. Kijana mzuri yule. Nimwombe radhi kwa habari ya masharubu.

Lakini kushikana mikono si kura. Wakapiga. Lionel tisini na saba, mimi sabini na moja. Nilijua itakuwa hivyo tangu Platt alipofungua mdomo, na bado iliniuma, sikufichi. Nikachukua kofia yangu. Nikawaza majipu.

Ndipo karani akasema, "Bado sanduku la mabibi."

Nilikuwa nimelisahau. Wafadhili wanawake hawaruhusiwi kuketi ukumbini, wasije wakasikia matusi. Hupiga kura kwa karatasi iliyofungwa kwa nta ya lakiri, ikapelekwa kwa karani siku moja kabla. Kila mtu anajua karatasi hizo hutiwa saini mezani wakati wa kifungua kinywa, mume akiwa upande wa pili. Zilikuwa thelathini na nne. Tena zilifungwa Jumatatu, mimi sijasema neno. Nikaona nisubiri kwa adabu tu.

Karani akafungua ya kwanza. "Tindall." Ya pili. "Tindall." Ya tatu, Tindall. Ya nne, ya tano, ya sita. Kwenye ya kumi meya akaanza kujifuta jasho. Kwenye ya kumi na nane karani akasita, akasema, "Hapa pameandikwa pia: kwa aliyemfungua Keziah akamfunga tena." Meya akaruka. "Wamejuaje? Jumatatu? Wamejuaje?"

Kutoka kwenye korido, mabibi walikokuwa wakisubiri waume zao, tukasikia kicheko. Kilianza kwa mmoja kikaenea ukuta mzima.

Wanajua tangu wiki ya kabla ya Pasaka, Hester! Nan anapeleka nguo nyumba kumi na tisa. Kila kapu lilikwenda na habari: leo amekaa, leo amekula, leo amenitukana. Wakati waume wanavua kofia mbele ya mabua yangu, wake zao walikuwa wanamtumia supu Keziah kwa makusudi, na hawakuona haja ya kumwambia mtu. Ndiyo maana ilikuwa tamu vile.

Thelathini na moja kwangu, tatu kwa Lionel. Mia moja na mbili kwa mia moja.

Mimi ndiye mpasuaji wa hospitali ya Harkby. Nimelia mbele ya mshona kofia. Nimekwenda nyumbani mbio kumwambia Keziah, akasema, "Nilijua, nilihesabu," akaniamuru nikanawe mikono.

Kama amepona kwa sababu ya kuchemsha, sijui. Ogle anasema ni bahati. Lakini kila kitu nitakachokishika katika hospitali hiyo kitachemshwa kwanza, wacheke wanavyotaka.

Njoo na gauni la rangi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Ambrose


Nyumba ya Meya, Harkby
Alhamisi, 15 Aprili 1858

Bwana Tindall,

Hongera. Mume wangu ameacha kununa leo asubuhi, na anaanza kusimulia habari ya supu kana kwamba ndiye aliyeibuni.

Tumejuana miaka kumi na minne, na hujapata kuniuliza zaidi ya hali ya hewa, kwa kuwa sikukupa nafasi. Tangu kiangazi kilichopita nimekuwa nikivaa gauni lenye matao ya chuma mapana kuliko ya mtu yeyote hapa mjini. Wenzangu wakadhani ni mtindo mpya kutoka London, wakaniiga. Sasa Jumapili hatupiti wawili wawili kwenye mlango wa kanisa. Si mtindo. Mshona nguo wangu ndiye pekee anayejua kilichomo chini yake, na hata yeye nimemwambia ni unene. Usiku sikuwa naomba kupona. Nilikuwa naomba tu wasigundue mapema.

Ijumaa iliyopita nilipita mlango wa jikoni kwako na kapu la nguo mkononi, Bi Dobbs akijifanya hanijui. Nilimkuta Keziah dirishani. Nikamwuliza kama iliuma. Akasema, "Bibi, kufua mapazia yako ya sebuleni kuliniuma zaidi." Nikacheka mpaka ikabidi anipishe kiti chake, mimi mzima wa miguu na yeye mgonjwa. Alikuwa na tumbo bapa, Bwana Tindall. Nililitazama bila aibu.

Karatasi yangu ya kura niliitia saini mume wangu akisoma gazeti. Aliuliza, "Lionel, sivyo?" Nikamwambia anipitishie wino.

Nitakuja kwako Jumanne saa tano asubuhi, kwa mlango wa mbele, na gari la meya litasubiri barabarani, yeyote aone. Mume wangu nitamwambia Jumatatu, akishashiba. Nina miaka arobaini na mitatu, na tangu Ijumaa ile nina hamu kubwa sana ya kuzeeka.

Augusta Fenwick